Kiporo cha wachekeshaji: kipi kipashwe moto, kipi kimwagwe

Lipo lalamiko lililoenea miongoni mwa vijana wetu hapa Itumbe na, kwa kadiri nisikiavyo, katika miji na vituo vingi vya biashara nchini. Vijana wanadai kwamba wachekeshaji wamewageuza mazuzu. Mtu hulipa kiingilio, huketi na kungoja kwa hamu, kisha hupakuliwa vichekesho vile vile alivyovitazama mwaka uliopita kwenye televisheni, na ambavyo tangu hapo vimezunguka katika simu za watu hadi vikaisha utamu. Wanauliza: mfanyabiashara akikuuzia kiporo cha juzi kwa bei ya chakula cha leo, huyo si mlaghai?

Swali hilo ni la haki, lakini jibu lake si jepesi kama linavyodhaniwa. Nionavyo mimi, kurudia si kosa. Kosa, pale linapokuwapo, limo katika kile kinachorudiwa na katika yule anayelipia gharama ya kurudiwa kwake. Naomba msomaji anivumilie nifafanue.

Sisi tuliolelewa katika nyumba za Gusii tulilala tukisikiliza emegano, hadithi za nyanya zetu. Sikumbuki hata siku moja mtoto aliyemkatiza nyanya na kumwambia kwamba hadithi ile aliisimulia juma lililotangulia. Kinyume chake, tulimsihi airudie, na akiruka kipande tulimkosoa. Utamu haukuwa katika kutojua mwisho. Ulikuwa katika kuujua, na kungoja tuone usiku huo angeufikia kwa njia gani. Vivyo hivyo, mpiga obokano, ile ala yetu ya nyuzi nane, hakulazimika kutunga wimbo mpya kwa kila sherehe. Wimbo aliokuja nao ulipendeza kwa sababu ulikuwa umeshazoeleka masikioni.

Desturi hiyo haikukoma redio na televisheni zilipoingia. Wale waliotazama Vitimbi katika KBC hawakumchoka Mzee Ojwang' kwa kuwa na kofia ile ile na ukaidi ule ule, wala hawakumchoka Mama Kayai kwa kumtuliza na kumkaripia kwa namna ile ile. Vioja Mahakamani nayo ilijengwa juu ya kizimba, hakimu, na mshtakiwa anayejichongea mwenyewe kwa ulimi wake. Mtazamaji alijua kitakachotokea, na ndiyo sababu aliketi mapema.

Isitoshe, kichekesho hakizaliwi kikiwa kamili. Anayesimama peke yake jukwaani, bila mwenzake wa kumpokea maneno na bila ngoma ya kumfichia aibu, huanza na wazo bichi. Hulijaribu mbele ya watu, akaona pale walipocheka na pale walipokohoa. Huondoa neno hapa, huhamisha jingine kule, hujifunza anyamaze kwa muda gani kabla ya kulitamka lile la mwisho. Kichekesho kinachokuvunja mbavu leo huenda kimeanguka mara ishirini mbele ya watu wengine. Kumwambia mchekeshaji akitupe mara tu kinapokomaa ni sawa na kumwambia mkulima ang'oe michai yake msimu inapoanza kutoa majani mazuri. Hapa Itumbe tunaijua michai: hupandwa mara moja, ikachumwa miaka na miaka.

Basi ni nini kilichobadilika hata vijana wakalalamika? Kilichobadilika ni kumbukumbu za mashine. Zamani mchekeshaji aliyewafurahisha watu wa Nakuru angekuja Kisii na maneno yale yale, nasi tungeyapokea kama mapya, kwa maana kwetu yalikuwa mapya. Masafa ndiyo yaliyomlinda. Kisha ikaja enzi ya vipindi vilivyorekodiwa mbele ya hadhira na kutangazwa nchi nzima, na hapa hatuwezi kuacha kumtaja Daniel Ndambuki, maarufu kama Churchill, ambaye kipindi chake kilifungua mlango kwa kizazi kizima cha wachekeshaji wa Kenya. Kipindi cha namna hiyo kilimpa kijana asiyejulikana dakika chache, na dakika hizo zikampa jina. Lakini dakika hizo hizo zilimla akiba yake. Alichokinoa kwa miaka mitatu kilionwa na taifa zima kwa usiku mmoja, kisha kikawekwa katika YouTube, ambako hakizeeki wala hakifi. Leo mchekeshaji akifika Kisii, vichekesho vyake vimeshamtangulia.

Tatizo hili si letu peke yetu. Nchini Marekani, George Carlin alirekodi maonyesho 14 kwa ajili ya televisheni ya HBO kati ya mwaka 1977 na 2008, na alisifika kwa desturi ya kuyaacha ya zamani na kuanza upya. Mwenzake Jerry Seinfeld alichukua njia nyingine. Mwaka 1998 alitangaza kwamba anavitamka vichekesho vyake vya zamani kwa mara ya mwisho, na onyesho lile likaanza kwa mzaha wa mazishi, vichekesho vikiwa ndani ya jeneza na wachekeshaji wenzake wakiomboleza. Hata hivyo, mwaka 2017 alivirudia baadhi ya vile vya ujana wake katika onyesho jingine, akisema waziwazi kwamba hivyo ndivyo alivyoanzia. Hapakuwa na sababu ya kuona kwamba mtazamaji amelaghaiwa, kwa kuwa aliambiwa mapema ni nini kilichomo chunguni.

Hapo ndipo lilipo jibu la kwanza kwa vijana wetu. Kiporo si haramu. Wapo wanaokipenda kuliko chakula cha jana jioni, hasa kikipashwa moto vizuri. Haramu ni kukiita kipya. Mchekeshaji anayezunguka na onyesho lake la zamani na aseme hivyo katika tangazo lake, na anayeahidi mapya alete mapya. Hilo halihitaji sheria wala kamati. Linahitaji uaminifu wa kawaida, ule tunaoudai kwa mwenye duka na kwa mwenye matatu.

Hata hivyo, haki hii ina upande wa pili. Tunapolalamika kwamba tumelipa mara mbili kwa kichekesho kimoja, tuulize pia ni mara ngapi mwenyewe alilipwa. Rekodi ikirudiwa mara hamsini, msanii aliyesimama jukwaani hupata nini? Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 inatambua haki za waigizaji juu ya kazi zao zilizorekodiwa, lakini haki iliyo katika karatasi haishibishi. Mzee Ojwang', ambaye jina lake halisi lilikuwa Benson Wanjau, aliwachekesha Wakenya kwa miongo mingi, na sura yake ilirudiwa katika televisheni zaidi ya ile ya mawaziri wengi. Alifariki mnamo Julai 2015. Kabla ya hapo wananchi walikuwa wamelazimika kuchanga fedha kwa ajili ya matibabu ya macho yake. Anayeshangaa kwa nini mchekeshaji hung'ang'ania vichekesho vyake vya zamani na akumbuke hilo. Huenda hivyo ndivyo shamba pekee alilo nalo.

Kufikia hapa nimemtetea mchekeshaji, na simtetei kwa unafiki. Lakini kipo kiporo kimoja ambacho siwezi kukitetea, na sisi watu wa Gusii tunakifahamu kuliko wengine.

Ni kile kichekesho cha Mkisii na uchawi. Msomaji amekisikia, tena mara nyingi. Nami nimekisikia kwa wachekeshaji watatu tofauti ambao sitawataja, kila mmoja akikitoa kana kwamba amekitunga yeye asubuhi ile. Ndani yake kuna bibi kizee, kuna usiku, kuna jirani aliyeamka akiwa ametapakaa majivu, na mwishoni kuna lafudhi yetu iliyokuzwa ili watu wacheke. Mji hubadilika, kiingilio hupanda, suti ya mchekeshaji huwa mpya; bibi kizee habadiliki.

Sasa tutazame yale yaliyotukia nje ya ukumbi. Mnamo Mei 2008, katika vijiji vya Kisii, watu 11, wengi wao wanawake wazee, waliteketezwa na umati kwa kutuhumiwa kuwa wachawi. Mnamo Oktoba 2021, huko Marani, wanawake wanne waliuawa kwa tuhuma hizo hizo. Huko Kilifi nako wazee wameuawa kwa shutuma za uchawi, na mara nyingi nyuma ya shutuma hizo kumekuwa na mzozo wa shamba. Mvi hugeuzwa hatia, na urithi hugawanywa kabla ya mwenyewe kuzikwa.

Sisemi kwamba mchekeshaji ndiye aliyewasha kiberiti. La hasha! Waliowasha kiberiti wana majina, na mahali pao ni mahakamani. Nisemalo ni kwamba neno likirudiwa mno huacha kuwa mzaha likawa maarifa. Mtoto aliyelisikia mara moja hucheka. Aliyelisikia mara mia, katika redio, katika simu na katika harusi, hahitaji tena kucheka, anajua. Na siku umati utakapokusanyika mbele ya mlango wa ajuza fulani, mtoto yule, ambaye sasa ni kijana mwenye nguvu, hataona mtu aliyesimama pale. Atamwona yule bibi kizee wa jukwaani.

Wako watakaonijibu kwamba nataka kuua ucheshi, na kwamba Mkenya amezoea kutaniwa kwa kabila lake. Nakubali kwamba utani ni gundi ya nchi hii. Benson Wanjau alikuwa Mgikuyu, naye akajipatia sifa kwa kuigiza Mjaluo, na Waluo walimpenda. Walimpenda kwa sababu Ojwang' alikuwa mtu kamili: alikuwa na mke, na deni, na ujanja, na aibu. Lafudhi ilikuwa vazi lake, haikuwa shitaka dhidi yake. Hapo ndipo utani unapoachana na masimango.

Tofauti hiyo huonekana zaidi tunapowakumbuka vijana wa Redykyulass, yaani Walter Mong'are, ambaye jina lake la jukwaani, Nyambane, ni la huku kwetu, pamoja na Tony Njuguna na John Kiarie. Mwishoni mwa miaka ya 1990 walithubutu kumwigiza Rais Moi hadharani, jambo ambalo miaka michache tu kabla ya hapo lingemtia mtu matatani. Vichekesho vile vilirudiwa kila mahali, sokoni, shuleni na ndani ya matatu, na havikumchosha mtu. Lakini Moi alipoondoka madarakani mwaka 2002, makali yake yalipungua taratibu, vikabaki kumbukumbu tamu. Hivyo ndivyo ilivyo kwa kichekesho kinachomlenga mkubwa. Kina tarehe yake ya kwisha, kwa maana ukubwa nao una mwisho. Kile kinachomlenga mnyonge hakina tarehe. Bibi kizee hana kiti cha kuondoka, hana muhula wa kumalizika, hana msemaji wa kukanusha. Ndiyo sababu mchekeshaji mvivu humrudia yeye: hana gharama, tena hajibu.

Basi kipimo changu ni hiki. Mchekeshaji anapopanga yale atakayoyarudia katika safari yake ijayo, asiulize tu kama watu watacheka. Aulize ni nani atakayebaki na kichekesho hicho baada ya yeye kupanda gari na kurejea Nairobi. Akisimulia umaskini wa utotoni mwake, au mwalimu aliyemchapa, au baba mkwe aliyemnyima binti, basi arudie hata mara elfu, nasi tutakuja, mradi atuambie ni vya zamani. Anayebaki na vichekesho hivyo ni yeye mwenyewe. Lakini akisimulia ajuza mchawi wa Kisii, anayebaki ni mama fulani aishiye peke yake kando ya shamba la chai, ambaye hakununua tikiti na hakuombwa ruhusa.

Sitaki polisi waingie katika kumbi za ucheshi, kwa kuwa tuliwahi kuishi katika nchi ambamo mzaha uliogopwa, na hatukuipenda. Dawa iko mikononi mwetu sisi tunaoketi mbele ya jukwaa. Kicheko ndicho mshahara wa mchekeshaji kabla ya fedha, na mshahara huo hulipwa au kunyimwa hapo hapo. Kichekesho kile kikija tena Kisii, na hapana shaka kitakuja, tusizomee wala tusirushe chupa. Tunyamaze tu. Mchekeshaji ni mtu mwerevu. Ukimya wa ukumbi mzima ataufahamu upesi, na kiporo hicho atakimwaga mwenyewe kabla hajafika Nyamira.