Vibao vya Njiani
Wako watu wapendao kupiga picha vibao vya barabarani, kama wengine wakusanyavyo stempu. Sindo, mji wa ziwani katika Kaunti ya Homa Bay, tumeuona uzito wa mapenzi hayo. Kibao kielekezacho Mbita au Sori kikitoweka, picha ndiyo shahidi. Na vibao hutoweka: huibwa vikauzwa kuwa vyuma chakavu, biashara ambayo serikali ya Kenya iliisimamisha kwa miezi kadhaa mwaka 2022 kwa kuharibiwa mali ya umma. Mwizi hupata shilingi chache. Dereva wa usiku, amepakia mama na wanawe, huikuta kona bila onyo. Vijana wetu wenye simu nao wapige, waandike mahali na tarehe, ili kibao kirudishwe pale pale. Wapige wakiwa wamesimama kando, mbali na magari.