Moto ya theluji na moto ya njia ya Masisi: kwa nini gurudumu linazama

Moto isiyo na gurudumu hata moja inaweza kutembea? Inaweza, tena juu ya theluji ya kumfikia mtu kiunoni.

Huko Marekani na Kanada, kwenye milima ya baridi, watu wanachukua moto ya michezo, ile nyepesi ya njia mbaya. Mbele wanatoa gurudumu na kuweka ubao mpana wa kuteleza, umekunjwa puani kama mtumbwi. Nyuma wanafunga mkanda wa mpira wenye meno, sawa na ule wa buldoza, isipokuwa si wa chuma. Ukiupima wote kwa kuzunguka, unafika karibu metre 3. Kampuni moja iliyojipatia jina kwa vifaa hivi ni Timbersled ya jimbo la Idaho. Polaris iliinunua mwaka 2015.

Sababu yake ni uzito. Moto na mtu aliyeipanda wanakaribia kilo 200, lakini tairi linagusa chini sehemu ndogo tu, kama kiganja cha mkono. Kwenye theluji laini linachimba shimo na kukaa humo. Mkanda unatandaza uzito huo, na meno yake yanasukuma theluji kama kasia linavyosukuma maji. Dereva naye anajifunza upya: kukata kona ni kuinamisha mwili, na kwenye mlima hapunguzi gazi ovyo, juu akisimama katikati, anazama.

Mkanda wa namna hii si mgeni kwa Kongo. Mfaransa Adolphe Kégresse aliutengeneza kwa ajili ya magari ya mfalme wa Urusi, yaweze kupita kwenye theluji. Baadaye Citroën ikaufunga kwenye magari yake yaliyovuka Afrika mwaka 1924 na 1925, na yakapitia Stanleyville, leo Kisangani. Kilichozaliwa kwa theluji kilikuja kutumika kwenye mchanga na matope.

Theluji yenyewe tunayo Kivu ya Kaskazini, kule juu ya Ruwenzori, metre 5.109, na inaendelea kuyeyuka. Hakuna motari anayeenda huko. Lakini kuzama, wamotari wetu wanakujua vizuri: waulize wale wa Masisi na Walikale wakati wa mvua. Matope yanafanya kazi ileile ya theluji.

Dawa ya watu wa njia ni kuzungushia cheni kwenye tairi la nyuma. Zile cheni ndizo meno. Lazima zikazwe sawasawa, maana ikilegea moja na kunasa, gurudumu linafunga ghafla na abiria anaruka. Dawa ya pili ni kupunguza upepo: tairi linalala kidogo na kugusa chini zaidi.

Hapo ndipo Goma inaleta shida yake. Muji huu umekaa juu ya mawe ya Nyiragongo. Mwaka 2002 lava ilipita katikati ya muji hadi ziwani. Mwaka 2021 ikakata njia ya Rutshuru. Jiwe la lava halizamishi mtu, linakata. Tairi lenye upepo kidogo likipiga jiwe, mpira wa ndani unabanwa kati ya jiwe na janti, unatoboka mara mbili, matundu yakiwa jirani kama meno ya nyoka. Nazo cheni juu ya jiwe zinakula tairi. Kwa hiyo njia moja, moto moja, inadai tairi laini asubuhi na tairi gumu jioni.

Mkanda wa theluji haungesaidia hapa. Unategemea theluji kuupoza. Kwenye jiwe kavu unachemka na meno yanang'oka. Na bei yake peke yake inapita bei ya moto mpya kadhaa za hapa kwetu.

Kinachobaki ni pampu. Motari akisimama mwisho wa matope kutoa cheni na kuongeza upepo, abiria asimkalipie, hata kama nyuma kamubeba mama mjamzito anayekimbizwa hospitali. Dakika kumi hizo ni chache kuliko saa nzima ya kuziba matundu mawili kando ya njia, usiku ukiingia.