Ufunguo Ndani ya Yai
Kuku akilalia mayai hapa Munigi, mishipa ya fahamu ya kifaranga inatafuta njia yake. Nani anaiongoza? Munganga Rita Levi-Montalcini, Muyahudi wa Italia aliyezuiwa kazi na sheria za 1938, alichunguza mayai chumbani mwake kule Turin. Kisha vita, kule Marekani, alitia kansere ya panya ndani ya yai: mishipa ikaota kwa wingi. Kansere ilitoa kitu cha kukuza. Hicho ni ufunguo. Kufuli lake, TrkA, liko juu ya chembe. Mtoto aliyezaliwa na kufuli bovu hasikii maumivu, anajiunguza bila kulia. (Tusimwite mwenye bahati!) Kufuli likivunjika na kubaki wazi, chembe zinaongezeka bila kipimo: ndiyo kansere nyingine. Tangu 2018 Marekani imekubali dawa ya kulifunga, larotrektinibu. Lakini munganga anapaswa kwanza kupima kama kweli kufuli hilo ndilo limevunjika.