Vali ya Kutolea Hewa kwa Mfuko wa Kuinulia Mizigo Majini

Baadhi ya kamati za sharika zilizo kando ya Ziwa Victoria zimetuuliza kama vikundi vya wavuvi vinaweza kujitengenezea mfuko wa kuinulia mizigo majini, yaani ule mfuko wa turubai unaojazwa hewa ili upandishe injini ya boti au nyavu zilizonasa chini. Mfuko wenyewe ni kazi ya mshonaji wa maturubai. Kinachohitaji maelezo ni vali ya kutolea hewa, na kwa maoni yetu mfuko usio na vali hiyo usiingizwe majini kabisa.

Hewa iliyonaswa ndani ya maji ina nguvu kubwa. Mei 21, 1996 meli ya MV Bukoba ilipopinduka karibu na Mwanza, sehemu yake iliendelea kuelea kwa sababu ya hewa iliyobaki ndani. Bamba lilipotobolewa ili kuwaokoa waliokuwa wakigonga kutoka ndani, hewa ilitoka na meli ikazama.

Kila lita moja ya hewa ndani ya mfuko huinua takriban kilo moja. Lakini hewa hiyo haibaki na ujazo uleule. Maji ya chini huibana, na mfuko unapopanda hewa hutanuka. Ziwa Victoria liko zaidi ya mita 1,130 juu ya usawa wa bahari, hivyo hewa iliyowekwa mfukoni kwenye kina cha mita 9 hivi huongezeka mara mbili ifikapo juu (baharini ni mita 10). Tuchukue mfuko wa lita 100 uliofungwa kwenye mzigo wa kilo 40. Mzamiaji akitia lita 42, mzigo unaanza kupanda taratibu. Karibu na juu lita hizo zimekuwa zaidi ya 80, na mfuko unakimbia kama mshale. Ukifika juu hulala upande, hewa yote humwagika, na mzigo hurudi chini alipo mzamiaji. Ndiyo maana tunapendelea mfuko mdogo unaokaribiana na uzito wa mzigo: ukijaa, hewa ya ziada hutokea mdomoni. Mdomo wa chini usishonwe kamwe.

Vali hukaa kileleni. Fundi bomba anunue konekta ya tenki ya plastiki ya inchi 2, ile inayofungwa kwenye matangi ya maji. Ya nusu inchi haifai, kwani tundu lake ni dogo mara 16 na hewa itachelewa kutoka. Kilele cha mfuko kiongezewe tabaka la pili la turubai, kitobolewe, kisha konekta ipitishwe na kukazwa kwa nati, ikiwa na washa za mpira ndani na nje.

Kifuniko ni kisahani cha plastiki ngumu kilichogandishwa mpira wa tyubu ya gari, kipana kuliko tundu. Kinakaa upande wa ndani, chini ya konekta. Hapa mafundi wengi hupenda kukiweka nje, jambo ambalo si sahihi: kikiwa ndani, hewa yenyewe hukisukuma kizibe. Katikati ipite bolti isiyoshika kutu yenye pete pande zote mbili. Pete ya juu ifungwe ukanda wa tyubu unaopanda kupitia tundu na kushikwa na kijiti cha chuma kilicholazwa juu ya konekta na kufungwa imara. Ukanda huo ndio springi. Pete ya chini ifungwe kamba ya naili inayoshuka ndani ya mfuko hadi nje ya mdomo.

Mzamiaji hahitaji nguvu nyingi kuvuta. Hewa ikiwa na kimo cha nusu mita ndani ya mfuko, husukuma kisahani hicho kwa nguvu ya takriban kilo moja, mbali na mvuto wa ukanda. Kamba iachwe na ulegevu wa shubiri moja; ikikazwa mno, mfuko ukijaa utajifungua wenyewe. Iwe na rangi tofauti na kamba za mzigo.

Kabla ya kutumika, mfuko upinduliwe nchi kavu na kilele kijazwe maji kuona kama vali inavuja. Kisha ujaribiwe mahali pa kina cha kiuno, kwa ndoo ya mawe. Mpira wa tyubu huchakaa kwa jua, kwa hiyo ukanda ubadilishwe mara tu unapoonyesha nyufa.

Kazi hii ni ya wazamiaji waliofundishwa, wawili au zaidi. Hakuna anayekaa chini ya mzigo, wala kujifunga kamba ya mfuko mwilini, wala kujaza mfuko kwa hewa anayoitegemea kupumua. Kamati zinazoandaa maombi kwa wafadhili ziweke gharama ya mafunzo hayo katika bajeti kabla ya turubai na konekta.