Kaunti, Muguka na Saa za Jioni

Katika Jedwali la Nne la Katiba ya Kenya ya 2010, linalogawa kazi kati ya serikali ya taifa na serikali za kaunti, kaunti zimepewa jukumu lililoandikwa kwa maneno machache mno, nalo ni kudhibiti dawa za kulevya na ponografia. Jedwali hilohilo limeiachia serikali ya taifa shule za msingi na za sekondari, na kuzibakishia kaunti elimu ya chekechea pamoja na vyuo vya ufundi vya vijijini. Ndiyo kusema kwamba kaunti imekabidhiwa tatizo ambalo mara nyingi huanza katika umri wa shule, ilhali darasa anamoketi kijana mwenyewe limo mikononi mwa serikali nyingine. Ni mgawanyo wa ajabu kidogo, na wengi wanaozilaumu kaunti kwa ulegevu hawajausoma.

Ugumu wa mgawanyo huo ulijitokeza wazi mwezi wa Mei 2024, pale gavana wa Mombasa, Abdulswamad Shariff Nassir, alipopiga marufuku kuingiza, kusafirisha, kuuza na kutumia muguka katika kaunti yake, na Kilifi ikafuata nyayo. Muguka ni jamii ya miraa, mmea ambao Tanzania huitwa mirungi, na hulimwa hasa Mbeere katika kaunti ya Embu. Tofauti yake na miraa ya Meru, ambayo hufungwa vitita vya vijiti na kutafunwa maganda, ni kwamba muguka huuzwa kama majani machanga na vichipukizi, kwa bei ambayo hata asiye na kazi ya kudumu huimudu. Mtumiaji hutia majani machache kinywani pamoja na chingamu au njugu ili kupunguza ukakasi, kisha huongeza mengine na mengine, donge likajikusanya upande mmoja hadi shavu likatuna, naye akakaa nalo kijiweni kwa saa nyingi. Kinachomchangamsha na kumfukuzia usingizi ni kathinoni, kemikali inayoanza kupungua nguvu mara tu jani linapochumwa. Ndiyo sababu magari yanayoubeba mzigo huo hukimbizwa kutoka nyanda za Mlima Kenya hadi pwani kana kwamba yamebeba mgonjwa.

Marufuku hayo yalipingwa mara moja. Katika muda wa siku chache, Rais William Ruto alikutana na viongozi wa Embu na kutangaza kwamba amri za magavana hazina nguvu, kwa kuwa zao hilo linatambuliwa na Sheria ya Mazao ya 2013 na kanuni za miraa za 2023, na Mahakama Kuu ya Embu nayo ikasimamisha kwa muda utekelezaji wa amri hizo. Mzazi wa Likoni, Mombasa, anayemwona mwanawe akikesha bila usingizi na kuamka bila hamu ya kazi huliita jani hilo janga. Mkulima wa Mbeere hulihesabu kuwa karo ya wanawe. Si rahisi kusema nani kati yao ana haki zaidi, lakini ni rahisi kuona kwamba gavana alichagua silaha ambayo hakuwa na uhakika kama ni yake.

Penye marufuku yaliyokwama, kimbilio la kwanza la viongozi wengi huwa mahubiri: kuitisha kongamano, kugawa fulana, na kumpeleka afisa shuleni awatishe wanafunzi. Njia hiyo ina historia ndefu. Mwaka 1983, mkuu wa polisi wa Los Angeles, Daryl Gates, alishirikiana na idara ya shule za jiji hilo kuanzisha mpango uitwao D.A.R.E., ambapo polisi mwenye sare aliingia darasani kuwafundisha watoto wa madarasa ya juu ya shule za msingi namna ya kukataa dawa za kulevya. Mpango ulienea kote Marekani na nchi nyingi za nje, ukapendwa na wazazi, walimu na wanasiasa. Hata hivyo, tafiti zilizowafuatilia wanafunzi hao kwa miaka kadhaa hazikuona tofauti ya maana kati yao na wenzao ambao hawakupitia masomo hayo, na mwaka 2003 ofisi ya ukaguzi ya Bunge la Marekani ilizipitia tafiti za muda mrefu na kufikia kauli hiyohiyo. Somo lilipendeza, halikuzuia.

Mfano uliokwenda njia nyingine umetoka Aisilandi, kisiwa cha baridi chenye watu wachache kuliko wadi kadhaa za Nairobi zikiunganishwa. Mwaka 1998, asilimia 42 ya vijana wake wa umri wa miaka 15 na 16 walisema wamelewa katika mwezi uliotangulia, asilimia 23 walivuta sigara kila siku, na asilimia 17 walikuwa wamewahi kuvuta bangi. Kufikia mwaka 2016 viwango hivyo vilikuwa vimeshuka hadi 5, 3 na 7. Watafiti walikuwa wakiwauliza wanafunzi, mbali na walichokunywa, jioni wako wapi, pamoja na nani, na kama wazazi wao wanajua. Kisha kila halmashauri ilirudishiwa picha ya vijana wake yenyewe, ikaona tatizo la mtaani kwake na kuacha kuzungumzia vijana wa taifa zima kwa jumla.

Kutoka hapo halmashauri zilishika mambo ya kawaida kabisa. Jiji la Reykjavík lilianzisha mwaka 2007 kadi ya kumlipia mtoto ada ya michezo, muziki au sanaa, na fedha hizo hutumika kwa shughuli hizo pekee. Wazazi walijipanga kuzunguka mitaani usiku wa mwisho wa wiki, pasipo rungu wala filimbi, ili kijana akutane na mtu mzima anayemfahamu. Sheria ya ulinzi wa watoto ya 2002 inasema mtoto wa miaka 12 au chini yake asiwe nje baada ya saa mbili usiku bila mtu mzima, na wa miaka 13 hadi 16 mwisho wake ni saa nne, huku saa mbili zikiongezwa kuanzia Mei mosi hadi Septemba mosi, kipindi ambacho kwa sehemu kubwa usiku huko hauingii giza sawasawa.

Aisilandi ni tajiri, na kupungua kwa ulevi wa vijana kulionekana pia kwingine Ulaya, kwa hiyo hakuna anayeweza kuutaja mpango huo kuwa sababu pekee. Lakini nyenzo zake, tofauti na amri ya muguka, hazigombaniwi na mtu Kenya. Leseni za vileo ziko chini ya kaunti, na Sheria ya Kudhibiti Vileo ya 2010 inataka baa iwe angalau mita 300 kutoka shuleni, masharti ambayo hayahitaji idhini ya Embu wala ya Nairobi bali mkaguzi mwenye utepe wa kupimia na ujasiri wa kumnyima leseni mtu anayefahamika. Viwanja vya michezo ni vya kaunti, na vyuo vya ufundi vilevile.

Sheria ile ya Aisilandi ina kipengele kimoja ambacho wanaoinukuu hukiruka: kijana wa miaka 13 hadi 16 anayechelewa hahesabiwi kuvunja sheria iwapo anarudi nyumbani moja kwa moja kutoka shughuli iliyoandaliwa na shule, klabu ya michezo au kituo cha vijana. Waliokiandika walikwisha kuwa na uwanja wenye taa na kocha anayelipwa.