Kutoa Kichwa cha Injini Kilichoshikamana

Apitaye Buruburu siku ya Jumamosi, katika mtaa huu wa mashariki mwa Nairobi ulioanza kujengwa miaka ya 1970, hakosi kuona motokaa iliyofunguliwa boneti mbele ya nyumba, na mwenyewe ameinama juu ya injini peke yake. Wengi hufanya kazi vizuri mpaka wafikapo kwenye kichwa cha injini, ambacho mafundi hukiita silinda hedi. Bolti zimekwisha kutoka, lakini kichwa hakisogei. Hapo mwenye haraka huchukua tindo na nyundo, akaharibu kwa dakika moja kitu cha bei kubwa.

Yafaa kwanza kujua sababu. Tuchukue Peugeot 504, motokaa iliyoshinda Safari Rally mwaka 1975 na iliyopata kuunganishwa Mombasa. Bloki ya injini yake ni chuma cha kusubu, bali kichwa chake ni cha alumini. Madini haya mawili yakikutana ndani ya maji, alumini huliwa, na unga mweupe hujaa katika matundu ya bolti na kushika kama saruji. Wenye motokaa huzidisha jambo hili watiapo rejeta maji matupu ya bomba, yasiyo na dawa ya kuzuia kutu. Tena Nairobi ipo juu sana, zaidi ya mita 1,600 kutoka usawa wa bahari, na maji yaliyo wazi huchemka kwa digrii 94 hivi, wala si 100. Rejeta yenye kifuniko kibovu huchemka upesi, na gasketi huungua ikagandia pande zote mbili.

Ngoja injini ipoe kabisa, kwa maana kichwa kikifunguliwa kingali na moto huweza kupinda. Fungua waya wa betri, mwaga maji yote, ondoa kabureta na bomba la ekzosi. Zile fito ndogo zinazosukuma valvu zipange katika boksi lililotobolewa, ili kila moja irudi mahali pake. Bolti zilegezwe kidogo kidogo, kuanzia ncha mbili kwenda katikati. Kisha, kabla ya kuilaumu kutu, zihesabu tena! Mara nyingi kinachokishika kichwa ni bolti moja iliyosahauliwa chini ya uchafu wa oili.

Kama zote zimetoka, tia mafuta ya kulegeza kutu katika matundu yake, ukalale. Asubuhi chomeka vyuma viwili virefu katika matundu ya bolti, kimoja kila upande, ukitikise kichwa kwa kukiegemeza huku na huku, kama mtu ang'oavyo kigingi cha mbuzi. Kikikataa, weka kipande cha mti mgumu ubavuni, mahali palipo panene, ugonge juu ya mti huo. Usichomeke bisibisi wala tindo kati ya kichwa na bloki. Alumini ni laini, na mkwaruzo mmoja huruhusu maji kupita hata gasketi ikiwa mpya.

Wako watakaokushauri urudishe plagi, uzungushe injini kwa stata, ili hewa iliyobanwa ikinyanyue kichwa. Kwa injini nyingine shauri hili hufaa. Kwa 504 ni hatari. Silinda zake ni slivu zilizosimama ndani ya maji, na kinachozishika ni kichwa chenyewe. Kichwa kikilegea huku pistoni zikipanda, slivu hunyanyuka, mpira wa chini hukatika, na maji huingia katika oili. Kazi ya siku mbili hugeuka kuwa ya kufungua injini nzima. Kwa sababu hiyo, mara kichwa kitokapo, zibane slivu kwa bolti na washa pana, wala usizungushe injini hata kwa mkono.

Katika kunyanyua, aliye peke yake atandike gunia juu ya madigadi, asimame karibu, akivute kichwa kifuani mwake kabla ya kugeuka. Kukibeba kwa mikono iliyonyooshwa ndiko kuumizako mgongo. Akiweke juu ya mbao mbili safi, apitishe rula ya chuma iliyonyooka kwa urefu na kwa mshazari. Mwanga ukionekana chini yake, kichwa kimepinda, nacho kipelekwe kwa fundi mwenye mashine ya kukinyoosha kabla ya kununua gasketi mpya.