GOBORE LA BABU: LIFANYWE JIPYA AU LITUNZWE?

Wazee wetu walituachia vitu vingi. Katika nyumba moja utakuta ngoma, katika nyingine mkuki au kigoda cha mtemi. Ziko pia koo zilizoachiwa gobore. Limelala darini miaka mingi. Mtutu umeliwa na kutu, kitako kimepasuka, na bungua wametoboa mbao. Sasa wana ukoo wanaulizana: tulifanyeje?

Mara nyingi hutokea mmoja akasema, "Tulipeleke Dar es Salaam. Kariakoo hakuna kisichotengenezwa!" Ni kweli, Kariakoo na jirani yake Gerezani wako mafundi hodari. Wanachomelea mageti, wanafua majiko, wanafufua mashine zilizokufa. Lakini, ndugu msomaji, gobore si jiko. Kabla ya kumtafuta fundi, ukoo lazima uamue jambo moja: tunataka gobore hili lifanye kazi gani?

GOBORE NI NINI?

Gobore ni bunduki inayoshindiliwa kwa mdomoni. Mtumiaji alimimina baruti katika mdomo wa mtutu. Akatia kitambaa au nyuzi, kisha risasi. Akashindilia kwa mdeki, yaani fimbo nyembamba ya bunduki. Bunduki za zamani zaidi ziliwashwa kwa jiwe gumu lililogonga chuma na kutoa cheche. Hizo ziliitwa gumegume. Baadaye, katika karne ya 19, ikaenea fataki. Fataki ni kikombe kidogo cha shaba chenye dawa inayolipuka ikigongwa.

Bunduki hizo ziliingia kwetu kwa wingi katika karne ya 19, kupitia Unguja na miji ya pwani kama Bagamoyo. Misafara ilizibeba hadi Unyamwezi na Ujiji, na pembe za ndovu zikaletwa pwani. Mtemi Mirambo, aliyefariki mwaka 1884, alikuwa na askari wengi wenye bunduki. Katika Vita vya Majimaji, vya 1905 hadi 1907, wako wapiganaji walioshika magobore mbele ya bunduki za rashasha za Wajerumani. Basi gobore la darini laweza kuwa shahidi wa mambo makubwa.

KWANZA: USALAMA

Usifikiri kwamba gobore bovu ni gobore tupu. Wengi waliliweka darini likiwa limeshindiliwa, kwa kumngoja nguruwe au ngedere shambani. Mwenye kushindilia akafa, na siri akaenda nayo. Baruti iliyobaki pakavu haizeeki upesi. Mwaka 2008, huko Virginia, Marekani, mtu mmoja alikuwa anasafisha risasi ya mzinga iliyobaki tangu vita vya 1861 hadi 1865. Ilimlipukia akafa. Baruti ile ilikuwa na umri wa zaidi ya miaka 140!

Kwa hiyo usisimame mbele ya mdomo wa mtutu. Usichokoe ndani kwa chuma. Usilipeleke kwa mhunzi alitie motoni, wala kwa mchomeleaji. Usivute sigara karibu nalo. Mtaalamu ndiye atakayepima kama limeshindiliwa, na ndiye atakayelitoa risasi.

PILI: SHERIA

Gobore nalo ni silaha. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 inakataza kumiliki silaha bila leseni. Inakataza pia kutengeneza silaha bila leseni. Maana yake, ukilifunga gobore katika mkeka ukapanda nalo basi hadi Kariakoo, utajitia hatiani wewe, na fundi naye utamtia.

Njia nzuri ni hii. Liacheni gobore nyumbani mahali salama. Nendeni na mwenyekiti wa kijiji kituo cha polisi, mkaeleze jinsi mlivyolipata. Mara kadhaa serikali imetoa muda wa msamaha kwa wanaosalimisha silaha kwa hiari, kwa mfano Septemba na Oktoba 2022. Anayejitokeza mwenyewe hayuko sawa na anayekutwa nalo.

TATU: KUAMUA

Tuseme hatari imeondolewa, na polisi wamekubali gobore litunzwe. Sasa njia ziko tatu.

Njia ya kwanza ni kulitengeneza lipige tena. Hii tuiache. Mtutu uliokula kutu kwa ndani umekuwa mwembamba. Ukipigwa waweza kupasuka ukamkata mpigaji mkono au kumtoboa macho.

Njia ya pili ni kuling'arisha liwe kama jipya. Hii inavutia wengi. Fundi atamwambia mzee, "Baba, niachie siku mbili tu, nitalipiga msasa na vanishi, hutalijua." Neno hilo ni la kweli kuliko fundi anavyodhani. Hutalijua tena!

Njia ya tatu ni kulitunza lilivyo, na kuzuia lisiharibike zaidi. Njia hii ndiyo ninayoishauri.

Pengine mtu atauliza, "Mbona Soko la Kariakoo lilikarabatiwa?" Swali zuri. Jengo lile lilichorwa na Mtanzania, Beda Amuli, likafunguliwa mwaka 1975. Julai 2021 liliungua. Halikuachwa na masizi yake, lilikarabatiwa. Ilikuwa sawa, maana soko kazi yake ni kuuza na kununua, na watu walitaka kurudi kazini. Lakini gobore halina tena kazi ya kupiga. Kazi iliyobaki kwake ni kueleza habari. Ukilifanya jipya, unalifunga mdomo.

GOBORE LINAELEZAJE HABARI?

Tazama chuma karibu na mahali pa kufyatulia, na sehemu ya nyuma ya mtutu. Huenda pana alama ndogo. Bunduki nyingi za Kiingereza ziliandikwa neno TOWER na kuchorwa taji la mfalme. Bunduki zilizopimwa katika mji wa Liège, Ubelgiji, zina herufi ELG ndani ya umbo la yai. Tangu mwaka 1893 waliongeza taji juu ya yai hilo. Kwa hiyo ukikuta ELG bila taji, unajua kwamba bunduki ilipimwa kabla ya 1893. Alama hiyo si kubwa kuliko punje ya mahindi. Msasa wa dakika moja unaifuta, na hakuna fundi wa kuirudisha.

Tazama kitako pia. Pengine kimefungwa waya au ngozi mahali kilipovunjika. Usiseme ni uchafu ukafungua. Hiyo ni kazi ya mikono ya babu, na yenyewe ni sehemu ya historia.

NAMNA YA KULITUNZA

1. Ondoa vumbi kwa kitambaa laini kilicho kikavu. Usioshe kwa maji.
2. Penye kutu, tia mafuta kidogo ya mashine kwenye kitambaa, futa polepole. Usitumie msasa, tupa, wala maji ya betri. Madoa meusi ya chuma yaache.
3. Usipake rangi wala vanishi.
4. Kipande kilichobanduka usikitupe. Kifunge pamoja na gobore lenyewe.
5. Liweke mahali pakavu, juu ya ardhi, mbali na mchwa na jiko. Watoto wasilifikie.
6. Ukilishika, futa alama za mikono. Jasho lina chumvi, na chumvi huleta kutu.

Ikiwa ukoo hauwezi kulitunza, au polisi hawakuruhusu libaki nyumbani, ulizeni kama laweza kupokewa Makumbusho ya Taifa, Mtaa wa Shaaban Robert, Dar es Salaam. Nyumba hiyo ilifunguliwa mwaka 1940. Msimuuzie mpita njia. Vitu vya kale vinalindwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, na haviruhusiwi kutoka nje ya nchi bila kibali.

ANDIKENI

Liko jambo ambalo hakuna fundi wa Kariakoo anayeweza kuwafanyia. Ni kuandika habari za gobore. Sasa mnajua kusoma na kuandika. Mkalishe mzee anayejua. Muulize lilitoka wapi, nani alikuwa nalo, liliwinda nini, lilipigana wapi. Andika katika daftari, pamoja na tarehe na jina la aliyesimulia. Fanyeni hivyo kabla ya kwenda polisi. Hata kama gobore litachukuliwa, habari zake zitabaki kwenu. Kutu haraka yake si kubwa, lakini mzee akiondoka leo, kesho huna wa kumuuliza.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Kwa nini gobore la zamani laweza kuwa hatari ingawa ni bovu?
2. Kuna tofauti gani kati ya kukarabati soko na kutunza gobore?
3. Katika kijiji chenu, ni vitu gani vya kale ambavyo habari zake bado hazijaandikwa?